Usigawe Miche

Kalifornia, huku pwani,
Jumapili baada ya misa, mwezi wa kumi

Kwako Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, na hii ya pili ni ya kuomba radhi kabla sijasema kitu. Natumaini barua inakukuta mzima, goti lile limetulia, na kikohozi cha vumbi la kiangazi kimekuacha. Mimi mwanao sijambo. Nakula, nalala, nafanya kazi, na nimenenepa mashavuni, usinicheke. Bi Elinori, bibi ninayemtunza, anakusalimu sana. Kila akiniona na kalamu huuliza, "Ni kwa yule mzee wa milimani?" Nikisema ndiyo, hunyoosha mgongo na kujifunga vifungo vya sweta, kana kwamba unamwona.

Baba, telegramu yangu najua imekwisha kufika. USIGAWE MICHE. BARUA INAKUJA. SKOLA. Na najua ilivyopokelewa. Kwetu telegramu ni msiba, hakuna aliyewahi kuletewa telegramu ya harusi. Naona kabisa mdogo wangu Oswini anavyoteremka nayo mbio kutoka parokiani bila kuisoma, na wewe unatafuta pa kukaa kwanza. Nisamehe kwa hilo. Hakuna aliyekufa. Nilihesabu siku za barua, nikahesabu na siku zilizobaki kabla ya mvua, nikaona barua peke yake haitawahi.

Sasa vaa miwani unisome taratibu. Ulinipa jina la mama yako, na tangu nikiwa mtoto umekuwa ukiniita Mama mbele za watu, hata ukitaka chumvi tu: "Mama, hebu tuletee chumvi hapa." Leo naomba unisikilize kwa jina hilo. Kuna mambo katika barua hii ambayo binti hana kinywa cha kumwambia baba yake, lakini mama anaweza kumwagiza mwanawe.

Nianzie mbali kidogo, ili nipate moyo.

Unajua nilivyofika huku. Nilikuja na familia ya daktari aliyekuwa hospitali ya misheni, kulea watoto wake, na watoto walipokua nikabaki na mama yake mzazi, ndiye huyu Bi Elinori. Nyumba yake iko msituni, karibu na bahari. Bahari yenyewe ni baridi hata haiogeki. Watoto wa shangazi wa Mbamba Bay, wanaoshinda majini tangu asubuhi, huku wangelia. Kila kukicha ukungu unatoka majini unaingia mitini. Miti inaunasa kwa sindano zake na kuudondosha, ndiyo maana unakuta chini ya mti kumelowa na barabarani ni vumbi. Kiangazi chao hakinyeshi hata tone, lakini misindano haina habari, inakunywa ukungu.

Siku ya kwanza nilipoiona misindano hii nilishangilia. Nilidhani ni ile yetu ya misheni. Nikaenda nikaukumbatia mmoja, na watoto wa daktari wakanicheka mpaka wakakaa chini. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ile yetu, yenye sindano ndefu laini zinazoning'inia, ni ndugu tu wa hii, kwao ni Meksiko. Aliyenifundisha ni fundi wa miti anayekuja kumsaidia Bi Elinori kukata matawi. Anaitwa Toma, ni mtu mzima wa makamo, ana maneno mengi na mikono imejaa makovu.

Toma akaniambia jambo ambalo sikuliamini. Mti huu, Baba, kwao ni hapa, na hapa tu. Si nchi hii yote. Ni vipande vitatu vya pwani hii, na visiwa viwili vidogo upande wa Meksiko, basi, dunia nzima. Kipande hiki chetu, ukiondoka asubuhi kwa mwendo wako ule wa kwenda Kigonsera, saa ya chakula cha mchana umeshafika mwisho wake, na ng'ambo hutaona hata mmoja uliojiotea wenyewe. Lakini watu waliuchukua wakaupeleka mbali, Chile, Nyuzilandi, Afrika ya Kusini, na huko una mashamba yasiyo na mwisho, umekuwa mnyoofu na mnene kuliko kwao. Hapa kwao umepinda, una nundu, umeota ndevu za kijivu. Nikamwambia Toma, "Kumbe ni Mmatengo huyu!" Ikabidi nimweleze Mmatengo ni nani: mlima wake ni mdogo, lakini mtafute popote utamkuta, na huko aliko amenawiri. Akacheka sana. Siku hizi akinipita jikoni ananiita kwa jina la mti.

Ndiyo maana mama alipofariki, na mimi nikafika kwenu wiki tatu baada ya mazishi, sikuja na blanketi wala redio kama wengine wanavyokuja. Nilikuja na mbegu. Ulijua kwa nini bila mimi kukuambia. Mama alipoolewa alikuja kwako na maharage yake yamefungwa kwenye pindo la kitenge, yale ya rangi ya mchanga yenye kijicho chekundu, na kwa miaka yote tumekula kutoka kwenye lile fundo. Alikuwa akituambia sisi wasichana, "Usirudi nyumbani mikono mitupu, na mikono isiyo na mbegu ni mitupu." Nami niliokota koni za msindano chini ya mti ulioko dirishani pa Bi Elinori. Ni matunda magumu ya magamba, yamegandishwa kwa utomvu, yanakaa mtini miaka bila kufunguka mpaka joto kali liyapate. Nikazitia kwenye jiko la kuokea mikate. Zikaanza kualika, ta, ta, na nyumba ikanukia ubani. Mbegu zikatoka na vibawa vyake, nikazifunga kwenye pindo la kitenge kama mama.

Uwanja wa ndege, Dar es Salaam, waliniuliza kama nina mimea au mbegu yoyote. Nikasema sina, na fundo lilikuwa limenigusa kiunoni. Nilidhani ni uongo mdogo. Nimeuweka hapa mapema ili usije ukadhani nakuficha kitu.

Unaikumbuka asubuhi ile? Ulikuwa umekaa kizingitini, hujanyoa siku mbili. Nikakufungulia fundo.

"Nini hiki, Mama?"

"Mbegu, Baba."

"Za nini?"

"Za msindano wa huko ninakokaa."

Ukazipindua kiganjani. "Mama yako alikuja na maharage, tukala. Wewe umetuletea miti. Sasa tutatafuna magogo?"

Ndiyo mara ya kwanza ulicheka tangu nifike. Halafu ukalifunga fundo upya, ukalitia mfuko wa shati. Ukanipeleka hadi kwenye kahawa yako, ile ya upande wa juu, imejaa magugu. Ukaniambia chama cha ushirika hakileti tena dawa, wanunuzi binafsi wanakuja uani na mizani yao, leo huyu, kesho mwingine, na kila mmoja ana maneno yake. Ukasema, "Kahawa imeniacha kabla sijaiacha." Na pale Kitai malori yanasimama yakiuliza mbao tu, mbao. Nikaona jicho lako limeanza kupima mlima.

Mwaka ule ulizipa mbegu zangu heshima kupita kiasi, Baba. Ukazipa udongo wa ngolo. Nani angekulaumu? Udongo wa mashimo yetu, uliofukiwa majani mwaka hata mwaka tangu kwa babu, kama huo haukuzi kitu basi ni udongo gani utakuza? Mbegu ulizopanda zikaota, zikafika kidole kimoja, zikageuka njano, zikakaa hapohapo. Ukaniandikia, "Mama, watoto wako wana safura." Nililipeleka neno hilo kwa Toma kama lilivyo. Akasema hazikosi chakula, zinakosa mwenzao. Kuna kuvu mweupe anayeishi na mizizi ya msindano, bila huyo mti haujui kula hata ukiwekewa karamu. Dawa yake ni kuchota udongo chini ya misindano mikubwa na kuuchanganya kitaluni.

Nami nikakuandikia haraka, nikifurahi kwamba nina la kumfundisha baba yangu kuhusu udongo. Ukabeba kikapu ukaenda misheni kwa miguu, ukarudi na udongo kichwani, na watu njiani wakakutania: "Mzee Benedikto, siku hizi unaiba mpaka udongo wa padre?" Ukazipanda mbegu zilizokuwa zimebaki kwenye fundo, na safari hii zikashika.

Halafu ikaja barua yako ya mwezi wa saba. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Ulisema watoto wamepona, ni mia mbili na kidogo, wamesimama kwenye viriba vya magome ya mgomba, bondeni karibu na kijito. Ulisema umetangaza mbele ya kanisa kwamba mvua ya kwanza ikinyesha kila nyumba itume mtu kuchukua mitano, na kwamba watu wamekwisha kuchimba mashimo. "Tutapanda kitu kisichodai dawa wala mizani," uliandika. Na mwishoni ukaongeza, kwa mwandiko mdogo: "Mmoja sikungoja mvua. Nimempandia mama yako, kichwani pake. Namwagilia kwa kopo kila jioni."

Nilimsomea Bi Elinori nikimtafsiria, na nilipofika hapo sikuweza kuendelea. Sikuwepo kumzika mama. Nikaona kama kuna kitu changu kimefika na kusimama mahali pangu. Nilikuwa na furaha, Baba, nataka ujue hivyo, nilikuwa na furaha miezi miwili mizima.

Wiki mbili zilizopita mti wa dirishani pa Bi Elinori ulikatwa. Ulikuwa umeanza kuumwa. Ncha za matawi zilikauka zikawa nyekundu, na utomvu ukawa unamwagika shinani kama nta, mwingi, mpaka majani ya chini yakagandana. Sikujali sana, miti huumwa. Toma akaja na msumeno wa injini. Bi Elinori hakutaka kutazama, alikaa chumbani na mlango umefungwa, mimi ndiye niliyetoka na chai ya Toma.

Nikaona wanavyofanya. Hawakupakia gogo hata moja. Walikata vipande palepale, wakavifunika kwa nailoni nzito, na Toma akasafisha meno ya msumeno kwa dawa kabla hajaurudisha garini. Nikamwambia ili kumchangamsha, "Usihuzunike, Toma. Mti huu una wajukuu kwa baba yangu, mia mbili na zaidi."

Akaweka kikombe chini. "Wajukuu wa mti huu?"

"Huuhuu. Mbegu niliziokota hapo unaposimama."

Halafu akanieleza, taratibu, akitazama kisiki na si mimi. Ugonjwa huu ni kuvu. Huku umeingia miaka michache tu iliyopita, na unaimaliza misindano hapahapa kwao, mahali pekee ilipojiotea tangu dunia iumbwe. Hukaa kwenye tawi, hukaa kwenye udongo, na hukaa hata ndani ya mbegu. Mbegu inaota vizuri, mche unakuwa kijani, na ugonjwa umelala humo unangoja.

"Una hakika zangu zilikuwa nao?" nikamuuliza.

"Sina. Nawe huna, na baba yako hana. Kwa macho hauonekani."

"Na ukifika kwetu?"

"Hiyo ya sindano zinazoning'inia," akasema, "haiuwezi kabisa. Hiyo hufa upesi kuliko hii."

Nikaiona misindano ya misheni tangu getini mpaka makaburini. Nikayaona na yale mashamba ya serikali kule Iringa, ambako vijana wetu wengi wamekwenda kupasua mbao. Chai ya Toma ikapoa pale chini alipoiweka.

Baba, siku tatu sikufanya kitu. Hili ndilo linalonitia aibu zaidi kuliko uongo wa uwanja wa ndege. Siku tatu nilijiambia labda mbegu zilikuwa nzima, maana mti ulikuwa haujaanza kuumwa nilipoziokota. Nilijiambia kwetu Ukata ni mbali. Nilijiambia nani atajua? Miche ikifa baadaye watasema ni jua. Nilipika, nikafua, nikamwogesha Bi Elinori, na moyoni nilikuwa napanga namna ya kunyamaza vizuri.

Kilichonitoa huko ni marehemu Mzee Kasiani.

Nilikuwa darasa la nne ugonjwa wa chulebuni ulipoingia kwenye kahawa yetu, lakini nakumbuka yote. Buni zilianza madoa, zikawa nyeusi, zikadondoka kabla ya kuiva. Wewe na mama mlikuwa mnaokota zilizodondoka. Baadaye ikajulikana kwamba Kasiani aliiona kwake mwaka mzima kabla. Alikuwa ameleta miche kutoka kwa wakwe zake na kuwagawia ndugu na jirani kwa moyo mweupe, nawe ukiwamo. Alipoona buni zinaoza alizichuma kimyakimya ili tusione, maana angemwambiaje mtu kwamba zawadi yake ina ugonjwa? Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kilio chenyewe kilikuwa chetu sote. Na siku tuliyomzika, miaka mingi baadaye, tukirudi mlimani, nilikusikia ukimwambia mama, "Kasiani hakuwa mtu mbaya. Aliona haya tu. Haya yake imekula mlima mzima."

Siku ya nne asubuhi nilikwenda posta.

Sasa nakuagiza. Hapa ndipo uniite Mama.

Miche yote ing'oe. Yote, ya kijani na ya njano, usibakize hata mmoja kwa sababu umependeza. Ing'oe pamoja na viriba vyake na udongo wake. Halafu ichome.

Najua nimekwambia kitu gani. Hujawahi kuchoma jani katika maisha yako. Shemeji yetu wa Songea alipochoma majani ya shamba lake, ulisimama kwenye mpaka ukitikisa kichwa, ukasema, "Anachoma uji wa watoto wake." Majani kwetu hufukiwa, ndiyo ngolo, ndiyo chakula cha mwakani. Hata sasa, ukisoma hapa, mkono wako unafikiria shimo. Utasema, sawa, Mama amekataza miche isigawiwe, basi angalau nitaifukia inirutubishie shamba. Usifanye hivyo, Baba, nakusihi. Ukiifukia utakuwa umeuweka ugonjwa kitandani na kuufunika blanketi. Nimeshindwa kulala kwa hilo kuliko lolote, maana najua mkono wako utakwenda shimoni wenyewe.

Chagua siku isiyo na upepo. Lundika na nyasi kavu za kutosha, Oswini akusaidie, mpaka kila kitu kiwe majivu, hata udongo wa kitalu uwe umeokwa. Majembe yachemshiwe maji. Udongo uliobaki usirudishwe misheni, wala usiende wewe misheni na viatu vile vya bondeni. Kama kuna mbegu zimebaki kwenye fundo la kitenge, liweke fundo zima motoni.

Na sasa lile la mwisho. Nimeliacha mpaka hapa kwa sababu kalamu ilikuwa inakataa.

Ng'oa na ule wa mama.

Nilifikiri kuuombea. Nilijiambia mmoja tu, uko peke yake, uko mbali na mingine, tungeutazama. Lakini makaburini ni hatua chache hadi misindano ya kwanza ya misheni, na mama hakuwa mtu wa kutaka miti ya jirani ife ili yeye apate kivuli. Ung'oe kwa mkono wako wewe, usimtume Oswini. Mwambie mama ni mimi nimekutuma. Mwambie nilimletea kitu bila kukichambua kwanza, wakati yeye alikuwa akichambua maharage yake mara tatu, punje kwa punje, kwenye ungo, kabla hajampa mtu hata kiganja kimoja. Hilo aliniachia nikiliona kila mwaka na bado sikujifunza.

Mvua ikinyesha, panda maharage yake pale. Yale ya kijicho chekundu. Najua si desturi na watu watasema mzee amechanganyikiwa, analima kaburi. Waache waseme. Yatakauka, utayavuna, mwakani utapanda tena, na kila mara utakuwa na sababu ya kwenda kumtembelea.

Kuhusu watu uliowaahidi, naogopa zaidi kwa ajili yako kuliko kwangu. Mimi niko mbali, nani atanicheka usoni? Wewe ndiwe utakayepita kati ya mashimo yaliyochimbwa. Kwa hiyo usinifichie. Jumapili baada ya misa, watu wakiwa bado nje ya kanisa, Oswini asimame asome barua hii yote kwa sauti, pamoja na uwanja wa ndege, pamoja na zile siku tatu. Waambie aliyewanyima mitano yao ni Skola, na kwamba baba yake hakuwa na kosa ila kupokea zawadi ya mwanawe. Wakitaka kunung'unika waninung'unikie mimi, nina mabega. Na mashimo yale yasikae bure. Yanatosha migomba, na wenye kahawa iliyochoka wanaweza kuifufua kwa samadi. Nasikia si wote walioacha.

Bi Elinori ameniuliza leo kama umenikasirikia. Nikamwambia bado hujajua. Akasema mwanawe, daktari, aliwahi kukosea mgonjwa kule misheni, na aliyemsamehe kwanza alikuwa baba wa mgonjwa, mzee wa milimani. Sikumuuliza kama ni wewe. Nimeona nikuache uniambie mwenyewe ukitaka.

Nisalimie wote. Mdogo wangu Oswini, mwambie mbio zake za telegramu nitamlipia viatu. Mke wake, wifi yangu Teofrida, aliyekutunzia kitalu mlipokwenda mazishini Kitai. Najua naye ataumia. Shangazi wa Mbamba Bay, akipanda juu na usipa wake, dagaa wale wa ziwani, mwambie harufu yake naiota, na watoto wake wasiache shule kwa ajili ya mitumbwi. Mama mkubwa Eusebia, msimamizi wangu wa ubatizo, aniombee rozari moja, si lazima aulize sababu. Mwalimu wa dini pia, aliyekuruhusu kutangaza miche mbele ya kanisa. Namwomba akuruhusu tena kutangaza hili.

Nimemaliza, ila jambo moja. Safari hii sijakutumia kitu. Bahasha nimeipindua na kuikung'uta mara tatu, kama mama alivyokung'uta ungo, na ndani hamna ila karatasi. Lakini nimeandikia kwenye meza ya dirishani, pale mti ulipokuwa, na vumbi la msitu huu linaingia humu kila siku, liko mezani, liko mikononi mwangu. Najua barua zangu zote unaziweka kwenye sanduku la mama, chini ya vitenge vyake, kwa kufuata mwaka. Hii ikishasomwa, itie kwenye moto uleule.

Usiiweke na zile nyingine.

Ni mimi, mama yako na binti yako,
Skolastika